Si Baa, Ni Mgahawa

Ukumbi wa leseni siku ya Jumatatu haumhurumii mtu. Watu wamebanana kuanzia mlangoni hadi madirishani, mafeni yanazungusha joto lile lile, na viti vyote vimeshikwa na waliowahi. Ndani ya msongamano huo akaingia mwanamke mrefu, gauni la njano, kilemba cha buluu kilichofungwa kwa haraka lakini kikamkaa utadhani kimepimwa. Alikuwa mpishi, na mpishi kweli, wa wale ambao ukionja chakula chao unanyamaza kwanza. Miaka mingi alipikia hoteli za watu. Sasa alikuwa na ukumbi wake katika jengo la kaka yake, na kilichobaki kilikuwa leseni ya kuuza vinywaji.

Kando yake, kwenye foleni ya karakana, alisimama seremala mmoja, mabega mapana, vumbi la mbao nyweleni. Alikuja kuhuisha leseni ya karakana yake, na mkononi alibeba kiti alichokuwa akimpelekea mteja. Akakiweka chini.

"Dada, keti."

"Na mwenye kiti je?"

"Mwenye kiti hayupo hapa. Wewe upo."

Mpishi alicheka bila kutaka, akaketi. Kisha akapitisha vidole chini ya kiti, kama anavyokagua nyanya sokoni. "Mbona hakina msumari?"

"Nimeunganisha mbao kwa mbao. Msumari ni wa mtu mwenye haraka."

"Na hayo majivuno?"

"Hayo ndiyo nimeyapigilia misumari."

Basi maneno yakafuatana. Mpishi akamweleza ndoto yake: supu nzuri, samaki wa kuoka, mama anaingia na wanawe, anakula, anakunywa glasi yake moja ya mvinyo, anarudi nyumbani salama. Alipokuwa akieleza mikono yake ilipika hewani, na seremala wa watu akasahau kusogea, watu wakampita.

"Sasa mbona umepanga foleni ya baa?" akamwuliza, akimwonyesha kibao juu ya dirisha.

Ni kaka yake aliyemtuma hapo. Kaka alisema leseni ya baa ndiyo kubwa, ukiwa nayo umemaliza. Mpishi akainuka kusoma tangazo ukutani. Mwenye leseni ya baa humwuzia yeyote, amekula hajala, na watoto ni marufuku. Mwenye leseni ya mgahawa humwuzia aliyeketi mezani na kuagiza chakula. Watoto ruhusa wakiwa na wakubwa wao, lakini kaunta ya kunywea hairuhusiwi.

"Hii ndiyo yangu," alisema, akaelekea foleni ya mgahawa iliyokuwa ndefu maradufu. Kugeuka, seremala yuko nyuma yake na kiti chake.

"Na leseni ya karakana?"

"Kesho. Leo nina kazi ya kubeba kiti."

Mtu wa hivyo humnyimi kazi. Mpishi alimpa meza zote za mgahawa atengeneze, naye akazitengeneza polepole kupita kiasi, maana kila meza ilihitaji kujadiliwa kwa simu.

"Mahabuba, nimekuamsha?"

"Fundi, ni saa sita mchana."

"Basi nimekukosesha kazi. Pembe za meza nizifanye za mviringo?"

"Umeniuliza jana."

"Jana nilisikia sauti tu, jibu sikulisikia."

Walipendana, kwa ufupi. Alipopita karakana na gauni lake la njano, randa ilisimama. Naye mpishi alianza kupakua chakula cha mtu mmoja zaidi, hata siku ambazo hakuahidiwa mgeni.

Kisha mama yake mpishi akaumwa, naye akaenda kumwuguza. Nyuma huku kaka mtu, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa mwoga wa hasara, akamfuata seremala. "Shemeji mtarajiwa," alimwita, na neno hilo likamlainisha fundi kuliko msasa. "Dada anatamani kaunta. Mtengenezee, umshtue akirudi."

Seremala hakuuliza mara mbili. Akatoa mbao alizokuwa amezitunza kwa kazi ya maisha yake. Akachonga kaunta ndefu, yenye mkunjo laini upande mmoja, akaing'arisha hadi ukaweza kujiona uso. Nakwambia ukweli, ilikuwa nzuri. Hata mimi ningeegemea pale nikaagiza maji tu.

Mpishi alirudi siku ile ile ya ukaguzi wa leseni. Aliingia pamoja na mama mkaguzi, miwani puani, na wote wawili wakasimama mbele ya kaunta. Seremala alikuwa kando yake, amevaa shati jipya, akisubiri kupongezwa.

"Binti yangu," mkaguzi alisema, "umeomba leseni ya mgahawa. Hii ni baa."

"Mama, mimi sikuagiza hii."

"Ninakagua ninachokiona. Lakini usihangaike, badilisha maombi tu. Kwa ukumbi huu, ya baa itapita wiki hii hii."

Kaka alikohoa kwa furaha. Mpishi hakumtazama kaka. Alimtazama seremala, mtazamo ambao hungemtakia hata adui, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango.

Jioni simu ililia, akaiacha. Ikalia tena.

"Laazizi, kaka yako aliniambia..."

"Kaka alikwambia. Na mimi niliyekwambia siku ya kwanza, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nilitaka uone ufundi wangu. Nilitaka unione mimi."

"Nikuone kwenye kaunta?" Sauti yake ikapasuka. "Baba yangu alinipenda, fundi. Akitoka alinishika mkono, tunakwenda tunacheka, mpaka mlango wa baa. Pale ananiachia mkono. Watoto marufuku. Nilikaa nje juu ya kreti, nasikia kicheko chake ndani. Mimi nataka pahali ambapo hakuna mtoto anayeachiwa mkono mlangoni. Ni hilo tu."

Akakata simu. Kaka naye akapiga: watu wanataka kunywa, ukumbi mtupu haulipi, chukua ya baa, dada, usiwe mkaidi. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mkubwa wake, kisha akajibu taratibu: "Kaka, nitafunga kabla ya kufungua, lakini baa sifungui."

Asubuhi alikuja ukumbini kumrudishia kaka funguo. Kabla hajafika mlangoni akasikia msumeno.

Seremala alikuwa kifua wazi, jasho linamtiririka, anaikata kaunta. Ule mkunjo laini ulikuwa umekwisha lala sakafuni vipande viwili.

"Unafanya nini? Fundi! Hiyo ni kazi ya maisha yako!"

"Ilikuwa. Sogea, vumbi litakuingia machoni."

"Limeshaingia," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi.

Akaweka msumeno chini. "Nisamehe, mpenzi. Mbao hii inatosha meza moja ndefu, ya kukaa familia nzima. Nilipaswa kuanzia hapo."

Mpishi alimtazama mwanamume huyu aliyekuwa tayari kukata fahari yake kwa mkono wake mwenyewe. Akafunga khanga kiunoni, akashika upande wa pili wa mbao ili isitikisike.

Mama mkaguzi alirudi. Akapitisha kiganja juu ya meza ndefu, akainama kutazama miguu yake, akauliza kama kuna supu. Aliletewa. Akanyamaza kwanza, akamaliza bakuli, ndipo akatia sahihi. Leseni ya mgahawa.

Siku ya kufungua, watoto walijaa kuliko wakubwa, kelele tupu, na kinywaji kilisindikiza chakula kama mgeni mwenye adabu. Kaka mtu alizunguka akihesabu vichwa, uso umemwiva kwa aibu na furaha. Akamkuta seremala kasimama mlangoni mwa jikoni, mikono haina pa kukaa.

"Shemeji, mbona umeganda? Unataka nini?"

"Namtaka dada yako, kaka. Nimekuja kumwomba kwako."

Kaka akacheka kwa uchungu kidogo. "Kwangu? Mimi hata leseni sikuweza kumchagulia. Mwulize mwenyewe."

Mpishi alikuwa ameshika mwiko, gauni la njano ndani ya aproni, masikio yote huku. Seremala akamwuliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu mwenye mabega yale.

"Nimekubali," alisema mpishi. "Lakini niulize tena, kwa nguvu. Nataka kaka asikie kwamba nimechagua mwenyewe."

Akauliza tena, na meza nzima ikageuka kutazama.