Malaria ya Mama

Likizo ya Agosti, mwaka wa 1998, Nduku aliamka kila Jumanne kabla ya jogoo, akawasha moto na kupika uji. Kisha alisimama mlangoni pa chumba cha mama yake, akatega sikio. Akisikia pumzi, alimshukuru Mungu, akabeba jembe la mama na kwenda kwenye mwethya.

Mwethya kilikuwa kikundi cha wanawake wa kijiji chao huko Kivaa. Kila wiki walichimba matuta ya kuzuia udongo katika shamba la mmoja wao, kwa zamu. Asiyefika alituma mtu na sababu. Sababu ya Nduku ilikuwa ile ile: "Mama ako na malaria."

Uongo mtupu! Kalekye, mama yake, hakuwa na homa hata kidogo. Tangu Mei alilala akiukodolea macho ukuta, hali wala hasemi. Mara nyingine moyo wake ulienda mbio, akamshika Nduku mkono na kunong'ona, "Kuna kitu kibaya kinakuja." Walingoja pamoja, na hakuna kilichokuja. Kungoja huko kulimtia Nduku hofu kuliko nyoka. Baba alikuwa kazini Athi River na alirudi mwisho wa mwezi tu.

"Usimwambie mtu," mama alimwonya. "Watasema nimeingiwa na aimu." Wazee waliiogopa hiyo mizimu, na aliyesemwa hivyo alikimbiwa na watu. Nduku akaapa.

Jumanne ya mwisho ya Agosti, zamu iliwafikia wao. Wanawake ishirini waliingia uani na majembe, wakiimba.

"Mwenye shamba ako wapi?" aliuliza Mukai, mwenyekiti, kwa sauti yake ya kuamsha kijiji kizima.

"Ako na malaria," Nduku alijibu.

"Tena?" Peris, muuguzi wa zahanati, alitoa pakiti ya tembe kwenye leso yake. "Nilimtumia dozi mbili mwezi huu. Leo nitampa ya tatu mwenyewe."

Nduku aliikodolea macho ile pakiti. Mama alikuwa amezimeza tembe zile zote, ili uongo usijulikane. Alijikuna mwili mzima, akatapika hadi akashindwa kusimama. Peris alipoukaribia mlango, Nduku alimzuia kwa mikono miwili.

"Usimpe! Si malaria! Haikuwa malaria hata siku moja!"

Wimbo ulikatika. Nduku alieleza yote huku akilia.

"Hao ni aimu," bibi mmoja mzee alisema, akirudi nyuma.

Mlango ukafunguka. Kalekye alisimama pale, nywele timutimu, akikinga macho yake na jua.

"Si aimu, Susu," alimwambia yule bibi. "Mtoto amesema ukweli. Naogopa kila siku, na sijui naogopa nini. Nikiamka ni kama nilishakufa."

Kisha Mukai alisema polepole, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia, "Hata mimi. Nilipomzaa Maundu, mwaka mzima. Niliwaambia ni mgongo."

Peris alirudisha tembe ndani ya leso. "Huu ni ugonjwa, kama ugonjwa mwingine. Uko na matibabu. Kesho tutaenda hospitali Machakos, mimi na wewe."

Wanawake walichimba matuta siku hiyo bila kuimba. Mukai hakushika jembe. Alikaa na Kalekye.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kalekye alimeza dawa alizoandikiwa, akaenda kuzungumza na daktari kila mwezi. Kufikia Desemba alikula na kucheka, ingawa siku nyingine ukuta ulimwita tena. Siku hizo alimwambia Nduku waziwazi, na Nduku alikimbia kumwita Mukai.

Jioni moja wakichambua kunde, Nduku alimuuliza mama yake, "Mwaitu, nilivunja kiapo changu. Ulinikasirikia?"

Kalekye aliacha kunde, akamtazama binti yake.

"Mimi ndiye nilikosea, nikakufundisha uongo kwa sababu ya aibu. Peris alinipenda, na bado alikuwa akiniletea dawa isiyo yangu, kwa sababu sikumwambia naumwa nini. Ukiumwa moyoni, mwanangu, sema. Na ukiniona nimenyamaza tena, nisemee."

"Nitasema," Nduku alijibu. Safari hii hakuapa.