Kaseti Aliyoipuliza Mastura

Haya, sema mapema kwamba ni uongo, ili ukishtuka usinishike mkono. Mimi shule niliiaga darasa la sita, kutunga sijui. Najua kusimulia tu kilichotokea Mtongwe mwaka wa tisini na tatu, sebuleni kwa Mwinyihaji. Usipoamini, hiari yako. Lakini usije ukaniomba nikusindikize msalani.

Mwinyihaji alikuwa na televisheni moja, mashine moja ya gemu, na mke mmoja, Mastura. Vijana walimiminika kwake kila alasiri kucheza. Gemu lililopendwa lilikuwa la askari mfupi anayerukaruka juu ya mawe, na adui wa kwanza kabisa humo ni kadude ka kijani, kanateleza kama konokono aliyevuliwa gamba. Hana meno, hana bunduki. Unamkanyaga, pwachu, unapita. Walimwita Kamasi. Hata mtoto anayejifunza kuvaa suruali alimuua Kamasi.

Mwaka huohuo Mastura alitolewa jini. Bi Mwanarusi, mganga wao, alimwandikia kombe, aya za dawa kwenye sahani, kwa zafarani, akaliosha kwa maji ya marashi, akamnywesha. Kisha akamkanya mbele ya mumewe.

"Mwanangu, siku saba usipulize kitu. Si moto, si chai. Huyu anatoka kwa pumzi. Utakachokipulizia ndicho atakachokikalia."

"Abee, nimesikia."

Mwinyihaji akawa anawasha jiko mwenyewe, akipepea makaa kwa kipepeo, vijana wakimcheka: "Bi harusi, chai tayari?" Hakujali. Alikuwa ameshamwona mkewe akizungumza kwa sauti ya mwanamume. Kucheka kwa watu kulikuwa nini?

Siku ya nne kaseti ya gemu ikagoma. Televisheni ikatoa chenga tupu. Na kaseti ikigoma kila mtu ajua dawa yake: unaichomoa, unaipuliza tumboni, unairudisha. Mwinyihaji alikuwa ametoka kuchota maji. Sebuleni alikuwemo Nguma, kijana ambaye vidole vyake, wallahi, Pwani nzima havikuwa na mfano, na siku hiyo ameapa kulimaliza gemu ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza. Wakapuliza wote mpaka macho yakawatoka. Chenga.

"Shemeji!" sauti moja ikaita. "Hebu pulizia wewe, sisi pumzi zimetuishia!"

Mastura akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Alisahau, au aliona haya kukataa. Akapuliza mara moja. Kaseti ikashika.

Mwinyihaji aliporudi na ndoo zake, harufu ya tope bovu la mikoko ilimpokea mlangoni. Akachungulia sebuleni. Kwenye kioo Kamasi alikuwa amesimama. Sasa, Kamasi hasimami. Kazi yake kutambaa mpaka akanyagwe. Huyu alisimama, akageuka, akawatazama waliokuwa wamekaa.

"Mkanyage, bwana! Unamwogopa Kamasi?" vijana wakamhimiza Nguma.

Nguma akamkanyaga. Pwachu. Jikoni Mastura akaguta.

Mwinyihaji akamkimbilia. "Nini, mke wangu?"

"Sijui," akanong'ona, amejishika kiuno. "Kama mtu kaniruka mgongoni."

Pwachu, na Mastura akapiga magoti; pwachu, na unga ukamwagika; pwachu, na Mwinyihaji akaelewa, akarudi mbio sebuleni huku akipiga kelele waache, akateleza kwenye ute wa kijani uliokuwa ukishuka kutoka kwenye kioo, ukipita chini ya miguu ya vijana ambao hawakuona lolote, ukielekea jikoni polepole kama kitu kinachojua njia ya kwao, akaufikia waya, akaung'oa ukutani, na picha isizimike, Kamasi akawa bado anatazama, mpaka kaseti yenyewe ilipochomolewa.

Bi Mwanarusi alikuja akamfunua Mastura mgongo. Alama za nyayo, ndogo kama za mwanasesere.

"Nani kampulizisha?"

Akamfunika tena mgongo.

"Limetoka nusu," akasema. "Nusu i ndani ya kidude hicho, nusu i kifuani mwake. Likikanyagwa huko, anaumia yeye, na ipo siku hatainuka. Kaseti ifungwe kitambaa cheupe, itoswe majini kabla ya siku ya saba."

Mwinyihaji hakuthubutu kumwacha mkewe peke yake. Akampa Nguma kifurushi akakitose kwenye kivuko cha zamani. Nguma akarudi mikono imelowa. Mastura akaamka, akala, akacheka. Mwinyihaji akaiuza televisheni, na Mtongwe wakasema yamekwisha.

Hapo ndipo huwa nanyamaza. Leo nimechoka kunyamaza.

Nguma ni mimi. Aliyeita "Shemeji, pulizia" ni mimi, na lile katazo nililijua. Nilikuwa barazani lilipotolewa. Na nilichokitosa kivukoni kilikuwa kipande cha sabuni ndani ya kitambaa cheupe. Usinitazame hivyo. Nilikuwa sijalimaliza gemu.

Kaseti iko Kiembeni, kwa binamu yangu Randu, mwenye mashine yake ya gemu. Siku hizi Kamasi hangoji nimfikie. Nikiwasha tu, yuko pale mwanzoni ananitazama, na chumba kinanuka tope. Namkanyaga hivyohivyo.

Jana Mwinyihaji kanishika bega, machozi yanamlengalenga. Mkewe kaanguka tena jikoni, Alhamisi baada ya alasiri, na safari hii miguu haimsimamishi. Nikampa pole, nikamwambia inshallah atapona.

Alhamisi baada ya alasiri nilikuwa Kiembeni. Nimebakiza hatua moja tu.