Baiskeli Isiyokamata Nguo

Kila asubuhi Buthaina alikaa kiti cha nyuma cha gari ya baba yake na kuhesabu magari yaliyopanga foleni mbele yao. Ilikuwa mwaka 2003, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa palepale Al Khoudh, mtaa wa Muscat, Oman, karibu na nyumba yao, lakini walichukua dakika ishirini kufika.

"Baba, tungekwenda kwa baiskeli tungekuwa tumeshafika," alisema siku moja.

Baba yake, Mahfoudh, alicheka. "Na hiyo nguo yako? Itaishia kwenye mnyororo."

Alisema kweli. Wiki iliyotangulia Buthaina aliazima baiskeli ya kaka yake, Aws, akaenda kununua mikate. Pindo la sare yake lilinaswa, akaanguka mbele ya duka, na mikate ikatawanyika barabarani. Wasichana wengi wa mtaani walikuwa na baiskeli, ila walipoanza kuvaa nguo ndefu waliziacha uani zikiota kutu.

"Sisi Unguja tulikuwa tukipanda na mabuibui yetu," alisema Bibi Zakiya, mama yake Mahfoudh, jioni nyumbani. "Unaikunja nguo, unaikalia. Ikichomoka, unaanguka, unanyanyuka, unakwenda zako."

"Mimi sitaki kuanguka, Bibi."

"Basi fikiri, mjukuu wangu. Kichwa unacho."

Buthaina akafikiri. Alikata chupa kubwa la maji ya kunywa, akatengeneza kifuniko cha mnyororo wa baiskeli ya Aws. Pembeni mwa gurudumu la nyuma alifunga neti ya gunia la vitunguu, akaishika kwa kulabu za plastiki ileile. Kifuniko cha kwanza kilikwaruza tairi. Cha pili kilidondoka njiani. Cha tatu kilikaa sawasawa, naye akazunguka mtaa mzima bila nguo kuguswa.

Habari zikaenea. Wasichana wanne walimwomba awatengenezee, naye akafanya kazi kila alasiri. Baba akasema, "Alhamisi hakuna kazi wala skuli, wazazi waje waone. Wakiridhika, Jumamosi wiki ikianza mtakwenda skuli kwa baiskeli, nyote pamoja."

Alhamisi mchana, baiskeli zilikuwa zimepangwa ukutani, kwenye jua kali. Buthaina akazikagua moja moja. Kulabu mbili za baiskeli ya rafiki yake Shaikha zilikuwa zimepasuka. Alizigusa, moja ikavunjika mkononi kama biskuti.

Wageni walikuwa wameshaanza kufika. Haraka haraka akachukua utepe mweusi, akazungushia pale palipovunjika. Kwa mbali hapakuonekana kitu.

Shaikha akapanda, akakusanya nguo yake. "Una hakika haitonasa?"

"Nna hakika," Buthaina alijibu, lakini alikwepa macho yake.

Shaikha alianza kukanyaga. Mama yake, Bi Nasriya, alimpungia mkono huku akitabasamu. Buthaina aliutazama ule utepe. Tayari ulikuwa unafunguka, na neti imeanza kuning'inia karibu na njiti za gurudumu.

"Shaikha, simama! Simama!" alipiga kelele, akakimbia.

Shaikha alifunga breki kwa nguvu, akaweka miguu chini.

"Imevunjika," Buthaina alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliona mapema. Nikaificha kwa utepe. Nisameheni."

Bi Nasriya alimshika mwanawe mkono. "Shaikha, twende nyumbani," alisema, na wengine nao wakaondoka. Bibi Zakiya akamketisha Buthaina karibu naye, akamfuta uso kwa upande wa mtandio.

Jumamosi baada ya shule, baba alimpeleka mtaa wa Ghala kwa fundi Selestine, Mtanzania kutoka Bukoba aliyekuwa akifanya kazi katika gereji moja huko. Fundi aliigeuzageuza kulabu iliyovunjika.

"Wazo zuri kabisa, binti," alisema. "Plastiki ndiyo imekushinda. Jua la hapa linaikausha. Kwetu Bukoba baiskeli inabeba mikungu ya ndizi, na kila kinachofungwa kinafungwa kwa chuma. Njoo nikuonyeshe."

Alimpa vipande vya alumini, bolti na tupa. Buthaina alisugua kingo zote mpaka zikawa laini, vidole vikauma. Selestine alikagua kila kipande, na alipokuta penye ncha alimrudishia. "Hapa bado. Nguo itachanika."

Safari hii Buthaina hakuwa na haraka. Kwa wiki tatu aliiacha baiskeli juani, na kila jioni akaipanda, akaandika daftarini alichokiona. Bolti moja ililegea siku ya tano, akaongeza nati. Mwishoni akafunga vifaa hivyohivyo kwenye baiskeli za wenzake. Baada ya hapo akapita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akaeleza kilichovunjika, kwa nini, na alivyokirekebisha.

Bi Nasriya alisoma kurasa zote. Akatoka nje, akaivuta neti ya baiskeli ya Shaikha kwa mikono miwili, haikutikisika. Kisha, bila kumwambia mtu, akapanda baiskeli mwenyewe, na abaya yake nyeusi.

"Mama!" Shaikha alishangaa.

Bi Nasriya alikwenda hadi msikitini na kurudi, akipiga kengele njia nzima. Bibi Zakiya alipiga vigelegele, na wanawake wawili wa jirani wakauliza kama na wao wangeweza kutengenezewa.

Kesho yake, Jumamosi, wasichana watano waliondoka pamoja kwenda shule. Kabla hawajaanza safari, Bi Nasriya alimwita Buthaina.

"Unajua kwa nini nimemruhusu mwanangu?" aliuliza, bado akicheka kwa furaha ya jana. "Si kwa sababu ya alumini. Siku ile ulikosea, lakini ulimsimamisha Shaikha mbele ya watu wote, ukasema kweli. Kisha ukarudi kazini mpaka kitu kikakamilika. Ukitengeneza chochote ambacho watu watakitumia, usiwafiche ubaya wake. Waambie, halafu urekebishe. Hivyo ndivyo watu watakavyokuamini. Haya, yallah, msichelewe! Na jioni nirudishieni hiyo baiskeli, nnataka kwenda nayo sokoni."