Maji ya Buluu kwenye Tuta la Bibi

Kila siku nikirudi kutoka shuleni, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwamkia Bibi, na ya pili kumsimulia. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilimwambia yote niliyoyaona: nani kateleza kwenye matope, nani kachekwa ubaoni. Bibi alicheka huku vidole vyake vikipita kwenye mchicha na kuchuma bila kukosea jani. Nyumbani waliniita Chiriku, wala sikukasirika. Mdomo ninao kweli.

Tuliishi watatu: Bibi, mama na mimi. Mama alikuwa akitia vitambaa rangi uani, kwenye mapipa mawili makubwa. Jioni, kazi yangu ilikuwa kubeba maji yaliyotumika, yenye rangi, chumvi na magadi, niyamwage kwenye shimo la saruji mwisho wa ua. "Shimoni, Chiriku, si kwingine," mama alisema kila mara. Lakini shimo lilikuwa mbali, jamani, na mpini wa ndoo ulinikata vidole.

Jioni moja nilitua ndoo nipumzike kando ya matuta ya Bibi. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikaiinamisha. Maji ya buluu yakazama ardhini kama hayakuwahi kuwepo, nami nikafukia alama kwa udongo mkavu. Kesho yake nikarudia. Baada ya wiki tatu, njia ya kwenda shimoni ilikuwa imeota nyasi.

Mchicha ukaanza kuwa wa manjano, kingo za majani zikakauka. Bibi alidhani ni mbegu mbovu, akang'oa, akapanda upya. Hakukuota kitu. Akapanda tena. Wapi! Siku moja nikamkuta ameketi kwenye kigoda, mikono ameilaza mapajani.

"Mikono nayo imeniacha," alisema polepole. "Macho yalipoondoka nilisema haidhuru, mikono ipo. Sasa sijui nitakuwa wa nini."

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Ulimi ukawa mzito, nikasema tu, "Pole, Bibi," kisha nikakimbilia ndani.

Wakati wa chakula, Bibi alimwambia mama, "Mwanangu, pale penye matuta pasakafie. Utapata pa kuanikia vitambaa vyako."

Mama aliacha kula. "Mama, na bustani yako je?"

"Bustani ipi? Mwite fundi, Jumamosi amwage saruji."

Jumamosi fundi mwashi akaja na toroli, mifuko ya saruji na utani wake. "Bibi, sakafu nitakayokuwekea, hata kuku watavaa viatu wasiteleze!" Bibi alitabasamu kidogo tu. Mimi nilikuwa nimejikunyata mlangoni. Fundi akashika jembe asawazishe matuta.

"Chiriku yuko wapi?" Bibi akauliza.

"Nipo, Bibi."

"Mbona wiki nzima hunipi habari hata moja? Shule imefungwa?"

Hapo ndipo nilipomalizika. Machozi yalinitoka, nikaruka mbele ya fundi. "Subiri! Si mikono ya Bibi! Ni mimi! Nilimwaga maji ya rangi hapa, kila jioni, kwa sababu shimo liko mbali!"

Mama aliangusha kitambaa alichokuwa akikamua. "Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini?"

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bibi alisema.

Fundi alichimba kidogo. Juu ya tuta kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, na chini yake mstari wa buluu. "Ala! Huu udongo umevaa sare ya shule," akasema. Hakuna aliyecheka. Bibi alipiga magoti, akachukua udongo kiganjani, akausugua na kuunusa.

"Kwa hiyo mikono yangu ni mizima?" aliuliza.

"Mizima kabisa, Bibi. Nisamehe."

Akanivuta kifuani, huku akilia na kucheka kwa pamoja. "Umenitesa, mtoto wewe. Lakini umesema."

Saruji haikumwagwa juu ya matuta. Fundi aliitumia kujenga mfereji kutoka kwenye mapipa hadi shimoni, ili maji yapite yenyewe bila ndoo. Mchicha wa manjano uliokuwa umesalia kando hatukuula. Tuliondoa udongo wa juu, tukaupeleka shimoni. Adhabu yangu ilikuwa kubeba samadi iliyooza kutoka kwa jirani mfuga ng'ombe, toroli kwa toroli. Mama aliniambia, "Na pua usizibe!" Tulichanganya samadi na majani makavu, kisha tukangoja. Mvua zikaja, zikapita. Bibi alipanda mbegu chache, zikaota tatu tu. Tukaongeza samadi, tukangoja tena.

Hata asubuhi moja akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. "Chiriku! Njoo uniambie naona nini!"

Alikuwa amechuchumaa, vidole vyake vikigusa miche, mmoja baada ya mwingine.

"Ni mchicha, Bibi. Tuta zima! Kijani kitupu!"

Mama alitoka akijifuta mikono, akasimama nyuma yetu. Bibi alinishika mkono, akauweka juu ya udongo wenye unyevu.

"Huu unatulisha sote," alisema, "lakini hauna mdomo. Ukiunywesha sumu hautalia wala kukushtaki. Utaugua kimyakimya, na kupona kwake kunachukua muda mrefu kuliko kumwaga ndoo moja. Ndiyo maana unahitaji mtu wa kuusemea. Nawe, mjukuu wangu, mdomo unao. Usiufunge tena."

"Sitaufunga, Bibi."

"Haya basi, nipe habari za shule."

Nikaketi kando yake, nikaanza.