Aliyevaa Sauti ya Marehemu

Ilianza na namba. Mashine ya foleni iliita, "Mia nne na kumi, dirisha la nne," wakati tiketi za siku hiyo hazijafika hata sitini, na dirisha la nne lilikuwa limefungwa tangu benki ihamishie kazi kwenye simu na kubakiza karani mmoja kati ya sita.

Sauti ya mashine ilikuwa ya mkewe karani huyo. Walimrekodi mfumo mpya ulipoletwa. Kabla mwaka haujaisha, akafariki. Karani akawa mtu pekee duniani anayefurahia foleni.

"Naam, bibie," akaitikia kwa mzaha, kama alivyomjibu enzi za uhai wake.

Hapo ndipo alipoharibu. Usiyemwona akikuita, huitikii.

Tangu siku hiyo sauti ikaacha namba. "Kitambi," ikaita mbele za wateja, jina ambalo mkewe alilitumia chumbani tu. Kiyoyozi kikawa kinatoa harufu ya dawa za wodini.

"Ripoti inasema huduma imeharakishwa maradufu," meneja alisema kwa sauti ya chini.

"Watu wanakimbia, bosi. Lazima iharakishwe."

Mganga akaingizwa kwa mlango wa nyuma jioni, baada ya kufunga. Mashine ikampa tiketi naye.

"Jini amevaa sauti ya marehemu," alinong'ona. "Ataita mara saba. Usipoitikia, anatoka. Ila anatoka na nguo yake."

"Sitamsikia tena? Hata akitaja namba tu?"

"Hata namba."

Karani hakuwa na rekodi nyingine. Simu ya mkewe ilikufa kabla ya mwenyewe. Lakini alikubali, akaketi, akauma kitambaa.

Ikaita mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa hasira, ya tatu ikicheka kile kicheko chake cha puani, na kila ilipoita ile harufu ilizidi kukolea na viti vitupu vya wateja vilisogea kidogo kidogo kuelekea dirishani kwake, hadi ya sita ikamwita ikilia, naye machozi yakimtiririka hadi kwenye tai, kimya, kimya, kichwa chake kikitikisika kama cha mtoto anayekataa dawa.

Ya saba ikawa ndogo sana. Ilikuwa sauti ya wodini, ya ile siku aliyoomba maji naye karani yuko semina, akifundishwa mfumo mpya.

"Kitambi, upo?"

Alijua si yeye. Alijua kabisa.

"Nipo, mke wangu. Nipo."

Mganga akafunga mkoba wake bila kumtazama. Juu, kipaza sauti kikavuta pumzi ndefu, kama mtu anayejaribu shati jipya, na sauti iliyotoka haikuwa tena ya mkewe. Ilikuwa ya karani mwenyewe, nene, yenye mzaha: "Nipo, mke wangu. Nipo."

Karani akapanua mdomo amwite mkewe. Midomo ikacheza, koo likatutumka, na hakikutoka hata kikohozi.