Wakubwa Hawaandikwi Getini

Maiti ililala kifudifudi juu ya injini, miguu ikining'inia nje kama ya mtu anayechungulia kisimani. Boneti ilikuwa wazi. Damu ilishatiririka hadi kwenye bampa, ikakauka.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya mnada wa magari chakavu ya idara. Wanunuzi walikuwa wameanza kukagua, na kilichomchefua Inspekta tangu alipovuka utepe wa polisi ni kwamba hawakuacha. Maiti ipo pale, wao wanapiga matairi mateke. Mmoja aliinama akachungulia chesisi ya gari la jirani huku ameziba pua kwa leso.

Dalali alimjia na kengele yake mkononi. Alitaka kujua kama marehemu anaweza kuondolewa kabla ya saa nne, maana tangazo lilishatoka na watu wametoka mbali.

"Na wewe ukifa saa tatu na nusu," Inspekta alimwuliza, "tukuondoe au tukupigie bei?"

Dalali akarudi nyuma, kengele ikalia kidogo kwa bahati mbaya.

Marehemu alikuwa fundi mkuu wa karakana ya idara, mtu wa makamo. Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti alisema amepigwa kisogoni mara mbili kwa kitu kizito cha chuma, na kwamba amekufa tangu jana jioni. Kitu chenyewe kilipatikana chini ya gari: spana ya magurudumu, imefutwa ikang'aa. Hata nusu alama ya kidole haikuwapo.

Gari lilikuwa namba tisa kwenye orodha. Jipu la kijani, gari la matope na milima, ubavuni bado lina kivuli cha maandishi ya zahanati yaliyobanduliwa. Karatasi kwenye kioo ilisema: injini imekufa, pampu ya dizeli haipo, liuzwe kama chuma chakavu. Chini yake palikuwa na sahihi mbili, ya fundi huyu huyu na ya afisa usafirishaji.

Afisa usafirishaji alifika akiwa amependeza, marashi yake yakitangulia. Alitoa pole, kisha papo hapo akatoa na hukumu. Fundi alikuwa mwizi wa vipuri, alisema, jambo la siku nyingi, bila shaka alikuja kung'oa kitu akagombana na mwizi mwenzake. Mbuzi wa kamba moja hao. Inspekta alimsikiliza akiwa ameinamia injini, akipapasa kwa vidole.

Pampu ya dizeli ilikuwapo.

Ilikuwa safi, imefungwa kwa bolti nne. Tatu zimekazwa kisawasawa. Ya nne ilizunguka kwa kidole.

Inspekta alinyanyuka taratibu akajifuta mikono. Mwizi hung'oa, aliwaza. Huyu alikuwa anarudisha. Sasa ni mwizi gani huyo anayejificha jioni ili arudishe?

Jibu la kwanza lilikuwa limesimama getini muda wote huo, ndani ya sare ya bluu iliyopauka. Mkunga wa zahanati ya mlimani. Alikuwa ameteremka tangu alfajiri kwa miguu, viatu ameviweka mfukoni, miguu matope matupu. Alipoambiwa aliyekufa ni nani alikaa chini palepale, juu ya changarawe.

Alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia siku nyingi zilizopita. Jipu lile lilikuwa lao. Ndilo gari pekee lililoweza kuipanda njia yao wakati wa mvua. Mwaka jana lilichukuliwa kwa matengenezo ya wiki moja, halafu wakaambiwa limekufa. Tangu hapo wagonjwa wanashushwa kwa vitanda vya kamba, watu wanne wanabeba, watatu wanateleza.

"Mke wa fundi alikuwa kwao, kule juu kwetu, amekwenda kujifungua kwa mama yake," alisema. "Damu ikakataa kukata. Tulimbeba. Tulipofika kwenye daraja nikawaambia wamteremshe tu, wapumzike."

"Fundi alijua gari halikufa?"

"Alijua nini, afande? Yeye ndiye aliyeling'oa pampu. Juzi alipanda kwangu akaniambia kwa mdomo wake. Alisema aliamriwa aliue gari, akaliua, akamuua na mkewe. Akasema, kesho kutwa njoo mnadani, nitaliwasha mbele za watu, waone lilivyo zima, waone haya walirudishe."

Inspekta hakumwuliza tena. Amewaona wauaji wa mapanga na wa sumu, lakini hao walau walimtazama mtu waliyemuua. Huyu aliyetoa amri ameua akiwa kitini, kwa kalamu, chai pembeni.

Akaenda ofisini kwa afisa usafirishaji, mwenye sahihi ya pili.

Ilikuwa ofisi yenye zulia, na feni mbili kwa mtu mmoja. Afisa alikuwa ameketi. Inspekta alibaki wima, akizunguka, akigusa hiki na kile.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilitoka hapa saa tisa, sikurudi. Kaangalie daftari la getini. Kila anayeingia anaandikwa, hata anayeleta maji. Utaona jina la fundi, saa kumi. Langu halimo."

Alilisema hilo la daftari bila kuulizwa. Inspekta akaliweka moyoni. Kisha akasimama mbele ya kabati la chuma lililokuwa pembeni. Kitasa kilikuwa kimepinda, rangi imechubuka pale bisibisi ilipopita. Alivuta mlango ukafunguka wenyewe. Harufu ya dizeli ikamjia usoni. Rafu ya chini ilikuwa na mafaili yaliyolowa, na katikati yake duara jeusi, saizi ya pampu.

"Kabati lako limevunjwa."

"Ee, la zamani hilo."

"Chuma bado kinang'aa penye mkwaruzo. Limevunjwa jana. Mbona hukuripoti?"

Afisa alisema ni jambo dogo, hakukuibiwa kitu.

"Mtu huripoti hata kalamu," Inspekta akasema. "Wewe umevunjiwa kabati la serikali na ukaketi kimya. Kilichochukuliwa ni kitu gani ambacho huwezi kusema kimechukuliwa?"

Feni mbili zikazunguka.

Inspekta alimwacha na konstebo mlangoni, akashuka getini. Mlinzi alikuwa mzee, koti la sare limemshinda ukubwa. Alilitoa daftari mwenyewe, akalifuta vumbi kwa kiwiko. Lilikuwa daftari safi, mistari imenyooka, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Fundi: saa kumi jioni. Kutoka, hakuna. Mzee alieleza kwamba tangu fundi afiwe alikuwa akilala karakana mara kwa mara, nyumba imemshinda, hivyo hakushangaa.

Inspekta alilipitia daftari lote. Wiki mbili, mwezi. Kulikuwa na wauza karatasi, madereva, wafagizi. Hakuona jina la mkuu hata mmoja. Kana kwamba idara nzima haina mabosi.

"Mzee wangu, wakubwa huwa hawaji kazini?"

Mlinzi akacheka kidogo, kisha akaona hapachekwi.

"Wanakuja, afande. Ila wakubwa hawaandikwi. Ukimwandika mkubwa anaona unamchunga. Mwenzangu alimwandika mmoja, sasa hivi analima kwao."

"Basi sikuulizi uliowaandika. Jana, baada ya fundi kuingia, ni nani hukumwandika?"

Mzee alitazama viatu vyake. Alitazama jengo la ofisi. Umri wote amefungua geti na kufunga mdomo.

"Nina wajukuu, afande."

"Na fundi naye alikuwa na mtu."

Mzee akalifunga daftari.

"Afisa usafirishaji," mzee akasema. "Saa kumi na moja. Alipanda ofisini, akashuka mbio anauliza fundi yuko wapi. Nikamwonyesha. Alitoka nusu saa baadaye, ameliviringisha shati mkononi, amebaki na fulana."

Aliposomewa maneno hayo, afisa hakukana. Alikasirika. Hilo ndilo lililomtibua Inspekta nyongo kuliko damu: mtu alikasirika kama aliyeingiliwa foleni.

"Mlinzi? Mlinzi ndiye anayenishitaki mimi?" alisema. Kisha yakamtoka yote, kwa kasi, kama malalamiko ya mfanyakazi aliyenyimwa haki yake. Alilitaka lile jipu kwa ajili ya shamba lake. Mashamba yote ya wakubwa yana gari la namna ile, na yote yametoka mnadani kwa njia hiyo hiyo. Unaling'oa pampu, unaandika limekufa, shemeji yako anakuja kulinunua kwa bei ya kuku, pampu inarudi. "Kila aliyenitangulia kwenye kiti hiki alichukua lake. Mimi nimesubiri miaka tisa. Nilimkuta analifunga bolti ya mwisho. Nikamwambia acha. Akaniambia mke wangu, mke wangu. Sasa mke wake mimi nimemjua wapi?"

Inspekta alimfunga pingu, kisha akaenda bombani akanawa mikono hadi viwiko.

Maiti iliondolewa, na mnada wa namba tisa ukafutwa. Konstebo aliikaza bolti ya nne, akafunga betri, akazungusha ufunguo. Jipu likawaka mara moja, likanguruma kama lililokuwa limeudhika. Wanunuzi wote waligeuka. Mkunga alisimama.

"Kwa hiyo nipande nalo leo?" aliuliza. "Nina mama wawili wa kujifungua wiki hii."

Inspekta akamweleza. Ni kielelezo sasa. Litawekwa uani kwa polisi mpaka kesi iishe.

"Kesi inakwisha lini, kaka?"

Inspekta aliujua ule ua. Magari matano yamo, majani yameota hadi kwenye usukani, na nozeli za injini zake zinatembea mjini ndani ya magari ya watu anaowapigia saluti.

Mkunga hakungoja jibu. Alipanda nyuma ya jipu, akatoa machela ya kukunja iliyosahauliwa chini ya benchi, akaitwika kichwani, akashika njia ya mlimani.

Konstebo alimletea Inspekta fomu ya kielelezo. Palikuwa na mstari unaouliza hali ya kitu. Aliandika: *zima kabisa*. Alijua hakuna atakayeliandika hivyo tena.