Sauti ya Nne Kwenye Tangazo

Haya yalimfika rafiki yangu, mwimbaji wa kuitikia, na si mtu wa kutia chumvi. Yeye na wenzake wawili ndio pekee walioimba ule wimbo uliovuma wa tangazo la kampuni ya simu. Jioni moja tangazo lilimkuta sebuleni kwa shangazi yake.

"Mwanangu, huyo wa nne mbona anachelewa?" shangazi akacheka.

"Shangazi, tulikuwa watatu tu."

Akatega sikio. Kweli, sauti nyembamba ilifuata kila neno, kama mtu anayejifunza. Mara umeme ukakatika, televisheni ikazimika, na sauti tatu zikanyamaza papo hapo.

Ile ya nne, ikichelewa vilevile, ikamalizia neno lake gizani, nyuma ya kochi walilokalia.